Mvua Juu ya Shitingi

Kila uzi wa gita yangu ulipokatika, nilijua: sala ya mama imefika. Sifanyi mchezo. Nimeishi hivyo miaka mingi. Spika ikiungua, natazama juu. Umeme ukikatika pale Ruti, ukingoni mwa mji wa Mbarara, tukiwa katikati ya kurekodi, wenzangu wanatukana umeme, mimi siutukani, kwa sababu najua nani ameomba, na najua Mungu humsikiliza. Mimi ni mtu wa wasiwasi toka zamani. Chai ikichelewa kuchemka naona kuna habari mbaya njiani.

Tulifika kambi ya Nakivale, Uganda, mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi na mama, kutoka Kivu ya Kusini. Wengine wa nyumba yetu hawakufika, na hapo naomba mniachie, sitaeleza zaidi. Nilikuwa mvulana wa kuchunga mbuzi, na toka siku tulipovuka mpaka niliacha kusema. Sikuwa bubu. Ulimi ulikuwepo, meno yalikuwepo, ila kila neno nililotaka kulitoa niliona halina kazi. Mama akiniuliza, "Umekula?" naitika kwa kichwa. Majirani walidhani nimerogwa.

Tulipewa fasi, mahali pa kujenga, upande wa Kashojwa humo kambini, jembe, sufuria na shitingi. Shitingi kila mkimbizi anaijua: karatasi nene ya plastiki, unaitandaza juu ya miti, unaikaza kwa kamba, halafu unaiita nyumba. Jua likiwaka mnaiva ndani. Mvua ikinyesha, hata ukipiga kelele sikioni mwa mtu hakusikii. Mimi nilipenda mvua ile. Wakati wa mvua hakuna aliyenidai maneno.

Gita yangu ya kwanza niliitengeneza kwa kopo la mraba la mafuta ya msaada, ubao, na nyaya za breki za baiskeli. Baadaye nilipata redio-kaseti ya mtu aliyehama, nikachokonoa ndani yake mpaka nikaweza kuiunga na kopo langu. Spika ya redio ile ilikuwa imepasuka, kwa hiyo kila noti ilitoka ikikwaruza, kama mtu mwenye mafua anayegombana na jirani. Mwingine angetafuta gundi. Mimi niliiacha hivyo, maana ile mikwaruzo ilikuwa inasema mambo ambayo mimi yalinishinda. Neno roki nilikuwa sijawahi kulisikia. Nilijua tu kwamba nikipiga, kifua kinapungua uzito.

Basi mzee mkuu wa kanisa letu akaja nyumbani. Mtu mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe kutoka kilima cha pili. Alisimama nje ya shitingi, akasikiliza, kisha akamwita mama.

"Mama, hiyo sauti haiko ya Mungu. Ni ya vita. Tulikimbia vita, na weye unaifuga mu nyumba? Ufunge, uombe, Bwana akamate ile gita mu mikono ya huyu mutoto."

Mama akasema, "Nimesikia, muzee."

Akafunga kweli. Chungu kikakaa bila moto, mimi nikala mihogo kwa jirani. Katika siku hizo za mfungo, alasiri moja mvua ikashuka, mvua ile ya kwetu isiyobisha hodi. Nilikuwa nimegundua kwamba redio yangu ina kitufe cha kunasa sauti, nikaiweka juu ya kitanda cha miti, nikakibonyeza, ninase mvua. Upande wa pili wa pazia la kitenge mama alikuwa amepiga magoti. Nilimwona midomo ikicheza, mikono ikipanda na kushuka, nikajua anaomba kwa sauti, lakini sikusikia hata neno moja. Nani angesikia, na mvua ile? Nilipokuja kusikiliza kaseti, mvua ilikuwa imejaa kote, na chini yake kulikuwa na mnong'ono tu, kama mtu anayesema akiwa chini ya blanketi.

Jumapili mama akasimama mbele ya watu, kitambaa cheupe cha kwaya kichwani.

"Nimefunga. Nimeomba vile wazee waliniambia. Bwana atajibu."

"Amina!" kanisa zima likaitikia.

Mimi nilikuwa kwenye benchi la vijana. Mama yangu mzazi! Nilihisi kama mtu amenivuta mkeka niliolalia. Wiki hiyohiyo uzi wa kwanza ukakatika, ukanichana kidole. Nikatazama damu, nikasema moyoni, haya, imeanza. Ile kaseti nikaifunga kwenye kitambaa, nikaitia ndani ya kopo. Sikuwa na haja tena ya kujua mama aliomba nini mle ndani. Si alishatangaza?

Ngoja niseme jambo moja la kanisani kwetu, msije mkanishangaa mbele. Mtu akikosa hufungiwa: hashiriki meza ya Bwana, haimbi, anakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, pamoja na wachelewaji na mbwa, mpaka atubu mbele ya watu. Makanisa mengi yana hilo. Letu lina nyongeza. Kijana ambaye hajaoa, hata awe na ndevu, bado yuko juu ya chungu cha mama yake. Akifungiwa yeye, mama naye anafungua kitambaa cha kwaya na kukiweka chini, maana ndiye anayempikia.

Na mama hakuwa na kitu kingine duniani. Alilima mashamba ya watu, alikuwa na nyumba ya udongo tuliyokuja kuijenga baadaye, na mwana mwenye midomo ya kufungwa. Lakini Jumapili, akiwa mbele ya kwaya ya wamama, sauti ya kwanza, akifungua kinywa hata watoto waliokuwa wanalia walinyamaza kumtazama. Nyumbani alikuwa akitembea ameinama kidogo. Mle kanisani alinyooka. Mimi nilikuwa naogopea kitambaa kile kuliko nilivyoogopea roho yangu.

Maneno yalinirudia polepole, kwa kununua sabuni na kuulizia nyaya. Nilipopata nguvu za ujana nilikwenda Mbarara kutafuta kazi, na kazi nikaipata Ruti, kwa fundi wa kuchomelea vyuma, Munyankole mmoja, mwenyeji wa kule, mwenye kifua kama pipa. Yeye alipenda ngoma. Nyuma ya karakana yake kulikuwa na chumba kitupu. Tukakibandika trei za mayai ukutani, tukapata kompyuta kuukuu, tukaita studio. Asubuhi tulirekodi kwaya na nyimbo za harusi. Kwaya za kambini zilikuja zimevaa sare, zimechoka na vumbi, na mimi niliwapanga: sauti ya kwanza hapa, ya pili pale, mama rudi nyuma kidogo unamfunika mwenzio. Walinipenda. Walisema, huyu ni mtoto wetu, anatusikia.

Mchana, wateja wakishaondoka, tulifanya ya kwetu. Mwenzangu, yule fundi, alipiga milango ya chuma iliyosubiri kuchukuliwa na wenyewe. Nilinasa mashine yake ya kukatia chuma ikilia, nikaipunguza mwendo mpaka ikawa inaguguma kama ng'ombe mgonjwa. Gita niliipitisha kwenye spika zilizopasuka, na ambazo hazikupasuka nilizipasua. Msiniambie ni kelele. Nimeambiwa hivyo na watu wengi na bado inanipandisha hasira. Kelele ni kitu kinachokujia bila kupangwa. Mimi nilikaa wiki nzima nikipanga mkwaruzo mmoja ukae fasi yake.

"Sebo," mwenzangu alikuwa akisema, yaani bwana kwa lugha yao, akipangusa jasho, "hii muziki yako inafukuza kastoma." Halafu baada ya muda, "Weka tena. Mimi nataka kusikia."

Wanafunzi wa mjini ndio waliotuambia kwamba tunapiga roki. Wakaanza kutuita kwenye kumbi zao. Nikawa na majina mawili bila kuyatafuta: kambini mtoto wa kwaya, mjini yule Mkongo wa milango. Na kila nilipopanda jukwaani nilitazama kwanza nyuso, kama kuna mtu wa Nakivale. Nilipiga nikiwa nimeuegemeza mgongo ukutani. Watu walidhani ni mtindo.

Mtaniuliza kwa nini sikuoa, nitoke kwenye chungu cha mama, nimwokoe. Nilijaribu. Baba wa msichana aliniuliza nafanya kazi gani. Nikasema, nanasa sauti. Akafikiri, kisha akauliza, "Ukiisha kuinasa, unaipeleka wapi?" Chai nikanywa, binti sikupewa.

Halafu nikaurekodi ule wimbo. Ilikuwa siku ambayo vikuza sauti viwili viliungua pamoja, na mimi, kwa hasira, nikasema: mama, mpaka lini? Nikaenda kutoa ile kaseti kwenye kopo lake. Nikaiingiza kwenye kompyuta, mvua na mnong'ono wake, nikaanza kuifunika. Besi juu yake. Milango juu ya besi. Juu ya milango gita, ikikwaruza mwanzo mpaka mwisho. Kama aliomba gita iondoke, basi nitaitia sala yake ndani ya gita, tuone nani atamtoa mwenzie. Wimbo nikauita Mvua, na hakuna kitu nilichopata kutengeneza kizuri kama kile.

Nyimbo siku hizo zilisafiri kwa simu, mtu hadi mtu, kwenye kadi ndogo kama ukucha. Sikuona ikiondoka. Nilikuwa naenda kumsalimu mama, na kama kawaida yangu niliposhuka Rwekubo, kwenye maduka ya kambi, nilisimama nisikilize kwanza yanapiga nini. Nikasikia mvua. Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna hata wingu. Ilikuwa mvua yangu, inatoka kwenye duka la Mkongo anayewajazia watu nyimbo kwenye simu. Nikaingia dukani.

"Ayi, si ni weye!" mwenye duka akanipokea. "Hii kitu batoto banaipenda mingi. Hata muzee mukuu wa kanisa yenu alipita. Aliuliza ni ya nani."

"Ukamwambia?"

"Nilimuambia. Kwani ni siri?"

Nilimkuta mama anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuacha kutwanga.

"Jumapili bazee bananiita," akasema. "Mimi na weye."

"Nitatubu, mama. Nitasimama mimi, nitasema yote ni yangu."

"Utatubu nini? Utasema unaiacha?"

Nikafungua kinywa. Naapa nilitaka kusema ndiyo. Mama akaninyanyulia macho, akaona nilivyokwama, akarudi kwenye kinu chake.

"Basi usisimame. Uongo mbele ya Mungu inachoma mutu ndani, miaka na miaka. Usijaribu."

Nilidhani ananihubiria. Jumapili ikawa inakaribia. Nilikuwa namtazama akikunja kitambaa kile cheupe baada ya kukifua, akikinyoosha kwa kiganja juu ya goti, na nilitaka kulia kama mtoto. Nikawaza kutoroka. Nikawaza kuivunja gita mbele ya wazee. Usiku niliota naivunja, nikaamka nimeshika vidole vyangu kuhakikisha viko vyote.

Jumapili kanisa lilijaa. Mwenzangu alikuja kutoka Ruti, amevaa shati jeupe la kukopa lililombana, akakaa kati ya wanaume wa Kikongo ambao hakujua hata mmoja. Alininong'oneza kwa mshangao, "Banange, hii nyumba iko na sauti nzuri." Sikuweza hata kucheka.

Baada ya ibada mzee mkuu akasimama na simu mkononi, waya umetoka kwenye simu hadi kwenye mashine ya mahubiri.

"Sitaki mutu aseme tulibafungia bure," akasema. "Batu basikie benyewe."

Jasho likanitoka hapohapo, na si kwa sababu mnayodhani. Nilikuwa nimetazama ile spika ya kanisa. Ilikuwa ya bati, ya umbo la tarumbeta, imefungwa juu ya boriti. Sisi watu wa sauti tunaijua. Haina besi. Unaiwekea ngoma inakutolea vijiko. Imetengenezwa kwa mahubiri, kwa hiyo inatema kila kitu na kubakiza kimoja tu, sauti ya mtu. Na mimi sauti ya mtu niliizika chini kabisa, nikategemea besi iifunike. Sasa kanisa lote lingemsikia mama akiomba dhidi yangu, na mama angejua kwamba nilimwibia sala yake nikaipeleka kwenye kumbi za walevi. Nikasimama nusu. Mwenzangu akanivuta shati.

Wimbo ukaanza. Besi haikuwepo. Milango ikawa kama mtu anaosha vyombo. Gita yangu, ile niliyoipanga wiki nzima, ikawa mbu. Watu wakatazamana, mmoja akacheka. Mvua ikawa kama karanga zinazokaangwa nyumba ya tatu. Na katikati ya karanga mwanamke akaanza kusema, sauti kavu, wazi, kama amesimama pale madhabahuni.

"Bwana, bananiambia nikuombe ukamate gita ya mwana wangu. Siombi ivyo. Unisikie muzuri, siombi ivyo. Toka tulivuka hasemi na mutu, anasema mu ile gita tu. Ukiikamata, nani atanisemesha? Uiache. Bazee nitabaambia nimeomba. Weye unajua sikuomba. Unisamehe hiyo uongo. Lakini gita, uiache."

Kisha tena kutoka mwanzo, kwa sababu mimi mwenyewe, kwa ufundi wangu, nilikuwa nimeirudiarudia mpaka mwisho wa wimbo. Bwana, bananiambia. Siombi ivyo. Mzee mkuu alikuwa ameshika ile simu kama yai, hajui aizime wapi.

Mimi sikuwa nasikia tena kanisa. Nilikuwa nafikiri nyuzi zangu. Zile zote zilizokatika, mwaka baada ya mwaka, spika, vikuza sauti, umeme wa Ruti. Kumbe nyuzi zilikatika kwa sababu zilikuwa nyaya za baiskeli. Hakuna aliyeniombea ubaya. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nao wazee wa zamani hawakukosea, ila mimi nilikuwa mwana mpumbavu.

Mtu fulani hatimaye akachomoa waya. Mzee mkuu akakohoa.

"Mama. Ile sauti ni ya nani?"

"Ni yangu," mama akasema.

"Na ulisimama apa, mbele ya batu, ukasema uliomba."

"Nilisimama, muzee."

Hakuna aliyemwamuru. Alifungua kitambaa cheupe mwenyewe, akakikunja mara nne kama alivyozoea, akakiweka kwenye benchi la kwaya. Halafu akaanza kutembea kwenda nyuma. Kwa hiyo haikuwa chungu tena, wala ndevu zangu. Alikuwa anafungiwa kwa kosa lake mwenyewe, na kosa lake lilikuwa mimi. Alipofika benchi letu akasimama. Nikataka kumwambia kitu. Ulimi ulikuwepo, meno yalikuwepo.

"Weye mwizi," akaniambia chini chini, akanifinya sikio kwa nguvu. "Sala ya mutu haiibiwe."

Akaendelea mpaka benchi la mlangoni, akakaa. Alikuwa amenyooka.

Mzee mkuu alitazama watu, akatazama simu, akanitazama mimi. Nilisubiri hukumu yangu. Alikuwa na jina langu mdomoni, niliona, kisha akalimeza.

"Wimbo," akasema.

Kwaya ikasimama. Wamama wakatazamana, kwa sababu sauti ya kwanza haikuwepo na hakuna aliyezoea kuanza. Sauti ya pili ikajaribu, ikashuka mno. Ya tatu ikaifuata kwa kusitasita, wimbo ukawa unatambaa bila kichwa. Mwenzangu akapumua kwa nguvu. Mtu aliyefungiwa haimbi. Hata watoto wa pale wanalijua hilo.

Halafu sauti ya kwanza ikatoka nyuma, kule mlangoni kwa wachelewaji na mbwa, ikapita juu ya vichwa vyetu vyote, ikakaa mahali pake mbele ya wimbo. Nilimtazama mzee mkuu. Alikuwa ameinua mkono kama anayetaka kunyamazisha, na mkono ule ulibaki hewani mpaka ubeti ukaisha.